Petali ya Sita

Jumatatu, 5 Mei

Baridi imeanza. Nimerudi shule nimekuta kofia tatu zimevikwa juu ya masufuria, zinakauka wanga. Mama hata hakuinua kichwa. Kila Ijumaa anauza kofia nje ya msikiti, na Idi ya kuchinja inakaribia, kwa hiyo chumba kizima ni uzi na vitobo. Nimekula wali wa jana. Nimeosha vyombo. Twaha ameacha viatu katikati ya mlango tena.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa sababu moja: Twaha hawezi kukisoma. Mdogo wangu amezaliwa hapahapa Johannesburg. Akisemeshwa anaelewa, akijibu anajibu kwa Kizulu au Kiingereza. Mimi niliachwa Tanga kwa shangazi, nikasoma huko mpaka darasa la tano ndipo Mama akanileta. Basi Kiswahili ndiyo kufuli yangu.

Leo kwenye somo la viumbe Mwalimu Dlamini ametueleza habari za Mfaransa mmoja wa zamani. Aliamini twiga alijinyoosha, akajinyoosha, shingo ikarefuka, kisha akamrithisha mwanawe ule urefu. Darasa lilicheka. Mimi niliangalia vidole vyangu. Vya Mama vina sugu la sindano, viwili vya mkono wa kulia. Vyangu laini kama vya mtoto mchanga. Mfaransa angekuwa sahihi ningezaliwa najua kushona kofia. Sijui hata kutunga uzi sawasawa.

Mwalimu akaniuliza kosa la Mfaransa liko wapi. Jibu nilikuwa nalo. Nikasema sijui. Ndivyo nilivyo, watu wakinitazama maneno yananikaukia.

Jumatano, 7 Mei

Leo zamu ya Waingereza wawili. Mmoja alizunguka dunia kwa meli, akarudi na wazo lake, akalifungia kama miaka ishirini kwa kuogopa watu watasemaje. Nampenda huyo. Wa pili hakuwa na kitu, alikuwa akikamata ndege na wadudu visiwani huko mbali awauze. Akaugua homa, na katika homa likamjia wazo lilelile. Akamwandikia barua yule wa kwanza. Mwishowe maandishi yao yakasomwa siku moja.

Mtu wa nyuma akauliza, sasa mwizi nani? Mwalimu akasema hakuna mwizi hapo, ila kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza.

Kisha akatuonyesha mti ambao yule wa kwanza aliuchora kwenye daftari lake la siri. Matawi machache, kama umechorwa na mtoto. Juu yake aliandika kwamba anadhani tu. Anadhani! Na alikuwa yeye.

Kazi yetu: kila mtu atafute nyumbani kitu kinachonakiliwa kizazi hadi kizazi, achore mti wake. Maonyesho Jumamosi ya wiki ijayo, wazazi wanaalikwa. Wenzangu wengi wanafanya mapishi. Mimi nitafanya kofia. Kofia ni nakala ya kofia nyingine. Mwenye kunakili hukosea kidogo. Wavaaji huchagua. Isiyochaguliwa haishonwi tena.

Nilipomwambia Mama aliacha sindano. Mara ya kwanza wiki hii.

"Kofia? Za kupeleka shule?"

"Ndiyo."

"Za kwangu?"

Akacheka peke yake mpaka alipokwenda kuswali.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefurahi na siwezi kumwambia mtu.

Kabla hajatoka kwenda msikitini Mama alinipa mfuko wenye kofia sita. "Humo mna kila kitu," akasema, akakimbilia basi. Zote nyeupe pe, zimenyooka kwa wanga, unaona haya kuzigusa. Jioni nikapita kwa Bi Nasra, mlango wa tatu kutoka kwetu. Bi Nasra ni mtu wa Unguja, mshonaji kama Mama, na ni shoga yake tangu mwaka wa kwanza walipofika mtaa huu wa Jeppestown. Nimezoea kumwita mama mkubwa. Akanipa tatu za kwake. Moja ni ya manjano, rangi ya chai ya maziwa.

Nimezipanga zote tisa kitandani. Mama ana ua lake maarufu, analiita ua la Bibi. Husema alirithi kwa marehemu mama yake, ambaye mimi sikumjua. Kila mnunuzi anasimuliwa. Ua lina petali sita. Nimekaa nalo saa nzima na kioo cha kukuzia cha Twaha. Petali tano zimelalia kulia, kama zimepigwa na upepo. Ya sita imelalia kushoto.

Hilo ni kosa. Hakuna anayelitaka ua hivyo.

Na kofia ya manjano ya Bi Nasra inalo. Petali ileile, mahali palepale.

Mwalimu alisema wawili wakifanana kwa uzuri, huenda kila mmoja aliubuni wake. Wakifanana kwa kosa, wamelitoa mahali pamoja. Mmoja alinakili kwa mwingine!

Jumapili, 11 Mei

Nani alinakili kwa nani? Nimefikiri tangu jana.

Kitambaa cheupe kikikaa miaka hugeuka manjano. Kila mtu anajua. Katika kofia za Mama hakuna hata moja ya manjano, kwa hiyo hakuna ya zamani. Ya Bi Nasra ni ya manjano. Basi ya Bi Nasra imetangulia. Mama aliiga kwake, na habari ya Bibi ni ya kupambia biashara. Watu wazima husema maneno. Wala sikumlaumu. Nilijiona nimegundua kitu kama wale Waingereza.

Ningeweza kumwuliza. Alikuwa mita mbili kutoka kwangu, anakata ukanda wa kofia ya mteja. Sikumwuliza. Aibu kidogo. Lakini zaidi nilitaka kiwe changu mwenyewe, nisiambiwe.

Nimechora mti kwenye karatasi kubwa. Mshale kutoka kofia ya Bi Nasra kwenda kofia za Mama, kwa kalamu nene nyekundu. Maelezo kwa Kiingereza, na chini yake kwa Kiswahili ili Mama naye asome. Habari ya rangi sikuiandika, niliona kila mtu anajua.

Jumatano, 14 Mei

Mwalimu ameuona mti. Amesema ni kazi nzuri kuliko zote alizoona mwaka huu. Kisha akauliza kama nina hakika na mshale. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema niandike "nadhani" pembeni, haitaniondolea alama, hata wakubwa waliandika.

Sikuandika. Nafasi ilikuwepo. Niliona itaharibu sura ya karatasi.

Jumamosi, 17 Mei

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Mama alikuja na kanga mpya. Bi Nasra alikuja. Na akina mama wa kikundi chao cha Jumapili wakaja kama saba, maana Mama alikuwa amewatangazia mwanawe anaonyesha kofia. Nilisimama kando ya meza yangu natazama viatu vyangu. Niliomba wasome kimya wapite.

Mama Shufaa hasomi kimya. Ndiye mwenyekiti wa kikundi, naye mtu wa Unguja. Alivaa miwani, akafuata mshale kwa kidole.

"Hee! Njooni jamani. Mama Rehema, kumbe ua la Tanga mama yake Unguja!"

"Soma vizuri wewe," Mama akasema. Alikuwa bado anatabasamu.

"Nimesoma. Kiswahili hiki, si Kizulu. Na aliyeandika ni wa kumzaa wewe mwenyewe."

"Watu wa Tanga kwa maneno hawajambo!" mwingine akadakia. Wakacheka. Ulikuwa utani bado, utani wao wa kila Jumapili. Kisha mmoja akauliza taratibu, na huo haukuwa utani, "Lakini si ulituambia ni la marehemu mama yako? Uliapa hata."

Mama akasogea. Akautazama mti muda mrefu. Akaitazama kofia ya kwanza katika zile sita zake, akainua mkono kama anataka kuigusa, akaushusha. Akanitazama mimi.

"Mtoto amesoma," akasema. "Anajua."

Hakuna aliyecheka tena. Bi Nasra alifumbua kinywa, akakifumba. Akavuta mtandio wake mbele, akaenda kusimama meza ya jirani kutazama maharage ya mtu.

Nimepata nafasi ya kwanza. Nitakwenda chuo kikuu, Braamfontein, kwenye maonyesho ya shule zote, Jumamosi ijayo.

Jumapili, 18 Mei

Mama hakwenda kikundini. Kichwa kinauma, alisema. Ameshona mchana kutwa mgongo ukiwa upande wangu.

Jumanne, 20 Mei

Mtoto wa kiume wa Mama Shufaa anaoa baada ya Idi. Kofia ya bwana harusi alikuwa ameahidiwa Mama, tangu Ramadhani. Kwetu hiyo si kazi tu. Mshonaji wa kofia ya bwana harusi hutajwa kwa jina siku ya shughuli, watu wanapiga vigelegele. Mama alishakata kitambaa.

Leo Mama Shufaa ametuma ujumbe kwa simu. Mama aliusikiliza kwa sauti, nami nilikuwa nakoroga uji. Maneno matamu matupu. Kwamba kofia ya harusi ni kitu cha asili. Kwamba yeye anataka mkono wa asili. Kwamba Mama asielewe vibaya. Amempa Bi Nasra.

Mama akaweka simu kifudifudi. Akasema, "Uji unaungua."

Nilijiambia ukweli ni ukweli. Nilijiambia mara nyingi.

Alhamisi, 22 Mei

Nilikuwa napanga kofia kwa ajili ya Braamfontein. Nikanusa. Moja katika zile sita za Mama ina harufu kali, ile ya dawa ya kutolea madoa tunayomwagia chooni. Nikazinusa zote. Zote zinanuka, ila hii zaidi. Nikaigeuza ndani. Kule pindoni, ambako maji hayakufika vizuri, kuna mstari mwembamba.

Wa manjano. Manjano iliyozidi ya Bi Nasra. Kama asali.

Nilikwenda jikoni na kofia mkononi. Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuijua, kama alizifua kabla ya kunipa.

"Nisizifue? Twende na uchafu mbele za walimu?" Alikuwa anamenya viazi. "Alhamisi ile nzima nilikuwa nazo. Ya bibi yako ndiyo ilinitesa. Imekaa kwenye sanduku toka amefariki, ilikuwa imegeuka kama ndizi. Nikailaza kwenye dawa mpaka alfajiri. Nilitaka ing'ae."

Ya bibi yako. Imo humo, wakati wote. Ndiyo ile aliyotaka kuigusa ukumbini.

"Kwa nini hukuniambia ipi ni ya Bibi?"

Akashangaa kweli. "Mtoto wa mshonaji aambiwe mkono wa bibi yake?"

Nikaikunja ili niirudishe mfukoni. Ikalia kidogo, kama karatasi. Ua lote lilipasuka mikononi mwangu. Dawa imekula uzi. Petali ya sita haipo, pamebaki tundu.

Mama aliichukua, akaizungusha. "Imezeeka tu," akasema. Akaifunga kwenye kitambaa.

Sikumwambia kwamba mimi nilipima umri kwa rangi. Akijua atajua na lililobaki, kwamba ni mkono wake mwenyewe uliomfuta mama yake. Alifanya kwa ajili yangu. Hilo sitalisema. Mengine nitayasema, Jumamosi, mbele ya majaji. Nitasema nilikosea.

Jumamosi, 24 Mei

Sikusema.

Nilipanda basi la mji na karatasi yangu imeviringishwa. Mama alinifunga skafu. Njia nzima nilirudia sentensi moja: mshale umegeuka. Maneno mawili tu! Pale robot, taa za barabarani za kuingilia chuo, nilikuwa nimeyaivisha.

Jaji alikuwa mama wa makamo, mpole. Alisoma taratibu. Akaniuliza swali lilelile ambalo ningemwomba aniulize.

"Umejuaje ipi ilitangulia?"

Nyuma yake watu wengi. Mwalimu Dlamini akinitazama kwa furaha. Nikasikia mtu anajibu kwa Kiingereza safi, "Kwa rangi. Ya manjano ndiyo kongwe." Ni mimi.

Nafasi ya tatu. Cheti kina muhuri wa dhahabu.

Si kwamba sikujua. Yule Mfaransa alikosea kwa kutojua. Mimi nilijua siku mbili nzima na nikasema uongo, kwa sababu uongo ulikuwa tayari umeandikwa na kweli ilihitaji nifungue mdomo. Nataka hili libaki hapa kwa mwandiko wangu.

Mama amekitundika cheti ukutani, juu ya cherehani. Alitumia msumari wake mzuri.

Jumapili, 25 Mei

Zamu ya kikundi ilikuwa kwetu. Mama hangeweza kuumwa kichwa nyumbani kwake.

Bi Nasra aliwahi, saa moja kabla. Mama alikuwa ametoka kununua maziwa kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Nikamwamkia, shikamoo mama mkubwa. Akakaa na mkoba mapajani.

"Ile ya manjano umeiona vizuri, mwanangu?"

"Nimeiona."

"Nani kakwambia ni kongwe? Hiyo nimeishona hapa, mwaka aliozaliwa Twaha. Imekuwa hivyo kwa moshi wa jiko langu la mafuta ya taa." Akavuta pumzi. "Mama yako alikuwa hospitali, kapasuliwa, na kofia za watu zinasubiriwa. Nikafungua sanduku lake, nikaitoa ya bibi yako, nikanakili nimmalizie kazi. Moja nikabaki nayo. Hata sikujua petali ile ni kosa. Nikadhani Tanga ndivyo wanavyoshona."

"Mama anajua?"

"Anajua. Hajawahi kunitajia. Miaka kumi na miwili, mtoto, hajawahi." Akajipangusa jicho kwa upindo wa mtandio. "Siku ile ukumbini nilitaka kusema. Nikaona wananitazama mimi kwa heshima. Eish. Utamu, Rehema. Nikaenda kutazama maharage."

Basi tulikuwa wawili.

Bi Nasra alijitahidi kunishinda. Akina mama walipokaa na chai ikaanza kumiminwa, alisema mbele yao wote. Kwamba ua ni la mama yake Mama Rehema. Kwamba yeye ndiye aliyeiga. Na kofia ya harusi haishoni.

Mama Shufaa akaweka kikombe chini. "Unamfichia shoga yako, Nasra. Tunakujua kwa huruma zako. Cheti kile pale, kina muhuri wa chuo kikuu. Wewe na chuo kikuu tumwamini nani?" Akanigeukia. Nilikuwa mlangoni na sinia la maandazi. "Ebu mwenyewe huyu hapa. Rehema, mama yako mkubwa anasema umekosea. Kweli umekosea?"

Wote kumi na mmoja wakanitazama. Mama hakunitazama. Alikuwa anahesabu vijiko.

Nikasema, "Maandazi yatapoa."

Wakacheka. Mama Shufaa akacheka zaidi. Nikaingia jikoni, nikasimama nikishika bomba la maji. Sikulia hata. Natamani ningelia.

Jumatano, 28 Mei

Nimemwandikia Mwalimu barua nzima, kurasa mbili. Kuandika naweza. Alinijibu kwa kuniita ofisini. Hakukasirika. Amesema hivyo ndivyo elimu inavyokwenda, mtu anakosea, anasahihisha, na kwamba cheti nikirudishe kwa barua. Nimekirudisha. Alisema nijivunie.

Kwake ni mshale. Amegeuza kidole hewani, hivi, kumaliza. Huko kikundini hausomwi waraka wa shule.

Ukutani umebaki msumari. Mama ameuona. Hakuuliza.

Jumapili, 1 Juni

Kikundi kwa Bi Nasra. Mama amekwenda mjini Marshalltown kutafuta uzi, Jumapili, maduka mengi yamefungwa. Nilijua haendi kwa ajili ya uzi.

Nikaenda mimi. Nikasubiri waombe dua. Kisha nikasimama. Nikasema ua ni la Bibi yangu wa Tanga. Nikasema nilikosea kupanga umri wa kofia, na nilipojua nimekosea nikanyamaza, mara mbili. Cheti nimekirudisha. Mama hakudanganya mtu.

Nilidhani imekwisha.

"Jumamosi ile Unguja, leo Tanga," Mama Shufaa akasema. "Jumapili ijayo litakuwa ua la wapi, Soweto?"

Wakacheka. Si kwa ubaya, hilo ndilo gumu. Mmoja alinishika mkono, akasema mtoto mzuri, anampenda mama yake. "Ulikoseaje kupanga umri? Si ulipima?" akauliza mwingine.

Jibu nilikuwa nalo. Ningeitaja ile dawa wangeniamini palepale. Kila mmoja wao amewahi kuunguza nguo. Na kabla ya magharibi Mama angeletewa habari na watatu kati yao.

Nikasema, "Nilikosea tu."

Mama Shufaa akanitazama, safari hii bila kucheka. "Hata hivyo ya mwanangu nimeshanunua, mama. Ya mashine. Petali zote zimelala upande mmoja."

Nyumbani nilimweleza Mama. Aliuliza jambo moja.

"Umesimama mbele zao? Wewe?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema. Akanipa chakula, kipande cha nyama kikubwa. Nikala.

Jumatano, 4 Juni

Zimebaki siku tatu Idi. Masufuria yote yana kofia, tunapika kwa kikaango.

Nilikuwa nazivua moja moja na kuzipanga kwenye boksi. Ua la Bibi. Nikapitisha kidole kama nilivyozoea sasa. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya sita imelalia kulia.

Nikachukua nyingine. Kulia. Zote kulia.

"Mama. Petali."

"Nimeinyoosha." Hakuacha kushona. "Jicho langu limechoka nayo."

Kisha akasema yote, kwa mara ya kwanza, sindano ikienda. Bibi alishona kofia ile ya kwanza kabla ya harusi yake, akiwa msichana wa umri wangu. Mkono ulimteleza petali ya mwisho. Alikuja kuliona kosa Babu akiwa ameshaivaa msikitini. Shoga zake wakamwambia afumue. Akakataa. Alisema kufumua ni kumvua mume kofia mbele za watu. Badala yake akazishona zote zilizofuata hivyohivyo, maisha yake yote, ili asiwepo wa kusema ile ya kwanza ilikosewa.

Nikakumbuka ukumbini, naye alivyokataa kunifumua mbele za watu. Mtoto amesoma, anajua.

Mama akakata uzi kwa meno.

"Shika boksi, usizibane."

Ijumaa, 6 Juni

Kofia zimekwisha zote. Zinanunuliwa na watu wanazivaa wanaondoka nazo vichwani, hawajui kitu.

Za zamani, zile tano zilizobaki za maonyesho, Mama amezichanganya humohumo. Zimekwenda.

Jumapili, 8 Juni

Idi ilikuwa jana. Tumekula pilau mpaka leo asubuhi. Baba, anayefanya kazi Durban, alikuja, amelala usingizi wa safari. Twaha anacheza mpira ngazini na kanzu mpya.

Nilimwomba Mama sindano. Akaniuliza ya nini, kisha hakungoja jibu, akanipa na kitambaa cha mabaki, na akanionyesha jinsi ya kulaza uzi katikati ya nguo mbili. Nimetoboa petali tano tangu asubuhi. Mbaya. Moja kama sikio la paka. Vidole viwili vinaniuma.

Ya sita sikuiweza. Ya Bibi ina tundu. Picha ninayo kwenye simu, lakini picha haionyeshi mkono unaanzia wapi ili ugeuke kushoto. Mama nilimwuliza. Alisema amesahau. Sidhani kama amesahau.

Nikaenda mlango wa tatu. Bi Nasra alinifungulia bila mtandio. Alipoona kitambaa mkononi mwangu hakuuliza lolote. Akatoa ile ya manjano kutoka kwenye mkoba, inanuka mafuta ya taa, akaigeuza ndani nje, akailaza kwenye goti langu. "Anzia hapa," akasema. "Kwa nyuma."

Nimenakili kwake. Sasa hivi natazama karatasi yangu kubwa, imekunjwa chini ya kitanda. Mshale mwekundu kutoka kwa Bi Nasra kuja kwetu. Leo ndiyo umekuwa kweli.

Petali imetoka imelalia kushoto. Nadhani.